Maskini, Lete Viambatisho

Katika kila ukoo kuna mtu mmoja mwenye kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti kwenye pochi na roho isiyojua kukataa. Kwetu ni mimi. Kwa hiyo kila Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapofungua dirisha la maombi, napokea shikamoo nyingi kuliko za Idi na Krismasi zikijumlishwa. Vijana ambao mwaka mzima nawaona kwenye stetasi wakila chipsi kuku bila kunikaribisha, ghafla wanakumbuka kwamba mimi ni mjomba, ni baba mdogo, na mmoja aliniita babu. "Shikamoo mjomba. Habari za hapo nyumbani? Mjomba, kitambulisho chako cha taifa kipo?" Ukisikia heshima imefuatana na NIDA, ujue hapo unatafutwa mdhamini.

Msimu uliopita aliyenipata ni binti wa dada yangu. Kamaliza kidato cha sita, kafaulu, kaenda JKT kwa mujibu wa sheria, karudi mweusi kama chungu na adabu za kijeshi. Chuo kimempokea, na kilichobaki ni hela. Hela ya serikali ipo, sikatai. Sheria ya kuanzisha Bodi ilipitishwa mwaka 2004, Bodi ikaanza kazi Julai 2005, na watoto wengi wa wakulima wamevaa joho kwa mkopo huo, mimi nikiwamo. Masharti nayo ukiyasoma ni mepesi. Uwe Mtanzania, uwe umedahiliwa chuo, uwe mhitaji. Hayo mawili ya mwanzo yana vyeti vyake. La tatu ndilo lililotutoa jasho, kwa sababu katika maisha yangu nimeona maskini wengi, ila sijapata kumwona maskini aliyejitunzia kumbukumbu.

Dada yangu ni mhitaji kwa kipimo chochote cha macho. Ni mjane, analima shamba la kukodi, na ukifika kwake ukakaribishwa chai ya rangi na muhogo, swali la pili huliulizi. Lakini macho hayapakiwi kwenye mfumo. Mfumo unataka PDF.

Tukaanza na marehemu. Baba wa binti alifariki kijijini zamani, mtoto akiwa hajaanza shule. Nilikuwepo. Nilibeba jeneza, nikala ubwabwa wa msiba mpaka arobaini, na nakumbuka mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule alivyotoa rambirambi ndefu hadi waliobeba jeneza wakapokezana. Sasa, yatima anayeomba mkopo anatakiwa aambatishe cheti cha kifo cha mzazi, tena kiwe kimehakikiwa na RITA. Cheti hatuna. Kijijini kwetu mtu akifa tunamlilia, tunamzika, tunagawana nguo zake, hatumsajili. Kwa upande wa makaratasi, shemeji yangu alikuwa mzima wa afya, na huenda ana kipato.

Ikabidi dada aende ofisi ya wilaya kumwombea mumewe kifo. Akaulizwa kama ana kibali cha mazishi. "Kibali?" alisema dada. "Sisi tulizika kwa jembe." Akarudishwa kijijini alete barua ya mtendaji. Mtendaji wa sasa kahamia juzi, marehemu hamjui, akataka mashahidi. Mashahidi wakakubali haraka, kisha wakakumbuka kwamba shahidi naye hula mchana na hupanda bodaboda. Majogoo yakauzwa. Kufa, shemeji alikufa bure kabisa. Kuthibitisha ndiko kulikotugharimu.

Kifo kilipopatikana tukadhani tumemaliza, kumbe bado herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema baba wa binti ni Saidi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Said. Mwalimu aliyejaza fomu za mtihani alikuwa na haraka, "i" ikabaki kwenye kalamu. Tukaambiwa hapo panahitajika kiapo. Nikampeleka binti kwa wakili mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vipuri, akaapa mbele ya feni linalopiga kelele kwamba Saidi na Said ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni baba yake. Wakili akagonga muhuri, akapokea elfu kumi. Nikatoka pale nikipiga hesabu. Elfu kumi kwa "i" moja! Nikamshukuru Mungu kwamba shemeji hakuitwa Abdulrahmani.

Wakati tunahangaika, jirani akatupa moyo kwamba ipo njia rahisi. Kaya ikiwa ni mnufaika wa TASAF unaweka namba yake, na umaskini wako unakuwa umeshathibitishwa na serikali yenyewe. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba kaya za TASAF hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, na siku ule mkutano ulipokaa, dada alikuwa kwenye kibarua cha kupalilia shamba la mtu. Waliohudhuria ni wale wenye nafasi ya kukaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Huo nao ni ugumu wa pekee, kwamba ukiwa maskini wa kweli hupati hata muda wa kwenda kutajwa.

Baada ya hapo ni mwenyekiti wa mtaa. Fomu inataka saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na kwa kuwa binti alisoma sekondari akiishi kwangu, wa kugonga ni mwenyekiti wetu. Dada alikuja toka kijijini kuja kuwa mzazi rasmi. Alivaa kitenge chake cha harusi na kiremba. Nikamnong'oneza kwamba leo pengine angevaa vya kawaida. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Yaani niende ofisi ya serikali na matambara? Mama alitulea hivyo?"

Mwenyekiti akakisoma kitenge kabla ya kuisoma fomu. "Mama mbona umependeza? Hawa ndio wahitaji?" Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu binti si anakaa kwako? Wewe si una gari?"

Nikamweleza kwamba gari limekaa juu ya matofali tangu enzi za mtangulizi wake, na kwamba kuku wametaga humo na kuangua.

"Lakini ni gari."

Sikuwa na la kujibu, maana kweli ni gari. Tukajadiliana kama nusu saa, gari langu bovu likimzuia mtoto wa marehemu asiwe fukara. Mwisho akapiga muhuri, akataja mchango wa maendeleo ya mtaa, akausukumia chini ya daftari bila stakabadhi. Maendeleo yenyewe bado tunayasubiri.

Sasa twende steshenari, maana maombi yote hupitia mtandaoni na mtandao wetu sisi uko steshenari. Unayajua hayo maduka. Ukutani karatasi imebandikwa: TUNAJAZA MIKOPO, AJIRA, NIDA, TIN, PASIPOTI, LAMINESHENI. Dogo wa kompyuta anajua nywila za nusu ya kata na siri za nusu iliyobaki. Foleni ndefu, kila mzazi kashika bahasha ya kaki kifuani. Cha kwanza kutoka ni ada ya maombi, Sh30,000, isiyorudishwa. Nikamuuliza dogo nimesikia sawasawa? Kwamba ili nionyeshe kuwa sina hela, natanguliza hela? Akasema, "Mzee, mimi ni steshenari tu."

Akaanza kujaza. "Mama anafanya kazi gani?"

"Mkulima," nikasema.

"Wa biashara?"

"Akivuna nyingi anauza. Akivuna kidogo anakula."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana mvua ziligoma."

"Basi nimuweke hana kazi?"

Dada, aliyekuwa kimya kwenye benchi, akasimama na kiremba chake. "Nani hana kazi? Mimi naamka saa kumi za usiku! Wewe mtoto, ushawahi kushika jembe?" Foleni nzima ikageuka. Dogo akaomba radhi, akaandika mkulima, na hapohapo umeme ukakatika. Uliporudi, tukaanza upya, pamoja na swali la kazi.

Nakiri dada alikuwa na haki. Tunamfundisha mtoto tangu udogoni kwamba shida za nyumbani hazitolewi nje, mgeni akija mfunike sufuria tupu, ukiulizwa hali sema nzuri. Halafu siku moja tunamtaka azitoe zote, azipige skani pande mbili, azisainishe kwa kamishna wa viapo na asizidishe ukubwa wa faili. Aibu ya miaka yote ikawa inatoka kwenye printa ya steshenari kwa mia mbili ukurasa. Na wenye uzoefu wa makaratasi, ambao kwao kuna baba karani na mjomba wakili, wao viambatisho vinakamilika kabla ya chai. Huo ndio mchezo ninaoulalamikia. Anayeshinda si maskini kuliko wenzake, ni aliyepangwa vizuri kuliko wenzake.

Basi maombi yakaenda, tukaanza kungoja. Majina hutoka kwa awamu, na mwanafunzi huangalia kwenye akaunti yake ya mtandaoni inayoitwa SIPA. Kwetu akaunti ya binti iliangaliwa na ukoo mzima. Mama watoto aliamka usiku kuiangalia. Baba mkubwa, ambaye hana simu janja, alikuwa anakuja kila asubuhi kuuliza, "Saipa imesemaje?" kana kwamba ni mtu mwenye maneno machache. Ikasema ndiyo. Tukafurahi, tukachinja lile jogoo moja lililokuwa limeponea cheti cha kifo.

Tuje kwenye boom, yaani ile fedha ya chakula na malazi. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ilipanda kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Asiyewahi kuishi chuo anadhani mwanafunzi kapata mshahara. Mwanafunzi anayekaa nje ya chuo hapo kuna chumba, nauli ya daladala, chai na chapati, wali maharage wa mchana na chipsi mayai za usiku, na hiyo ni kabla mwenye nyumba hajakumbuka bili ya maji. Lakini haitoki kwa siku. Inatoka kwa mkupuo, na mkupuo wa siku 60 ni Sh600,000. Laki sita! Binti anaweka kidole kwenye mashine kuthibitisha kwamba ni yeye, na pesa ikisoma kwenye akaunti, inasoma kijiji kizima.

Sijui habari zinafikaje. Nasema hivi kwa sababu mama yake hana redio wala bando, lakini saa ileile alipiga. "Mwanangu, nasikia mmeingiziwa." Baba mkubwa naye akatoa salamu za mbolea. Binamu ana mtaji wa genge uliopungukiwa kidogo. Ilituchukua msimu mzima kuithibitishia serikali kwamba huyu mtoto hana kitu. Ukoo ulihitaji dakika tano tu kuthibitisha kwamba anacho. Wiki ya sita anapika uji na kunitumia ujumbe wenye neno moja, "Mjomba." Neno hilo likija peke yake, bila salamu wala nukta, ni elfu ishirini.

Na sasa nije kwangu mwenyewe, kwa sababu mimi hadithi hii naiona kutoka upande wa pili. Mimi ni mdaiwa. Nilikopa, nikasoma, nikaajiriwa. Kwa mujibu wa sheria, mwajiri akiajiri mhitimu anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 28. Ona hapo uzuri wa serikali ikiamua. Hakuna aliyeniuliza kama nina kitambulisho cha mdhamini. Hakuna muhuri wa mwenyekiti. Herufi za jina langu hazikugombana. Umeme haukukatika. Makato yalijitokeza kwenye hati ya mshahara yakiwa yamenyooka, na tangu siku hiyo hayajawahi kuugua.

Zamani ilikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, ikawa asilimia 15. Juu ya hapo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na mtu alikuwa analipa huku deni likinenepa. Thamani ya mkopo wangu ilikuwa na mlinzi. Thamani ya mshahara wangu ilikuwa inalala nje. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na siku hiyo ofisini kwetu watu wazima walikumbatiana. Waliojiajiri nao hawakusahaulika. Miezi 24 baada ya kuhitimu, wanatakiwa kupeleka si chini ya Sh100,000 kwa mwezi. Jirani yangu mwenye shahada anaendesha bodaboda. Akipita anapiga honi na kunisalimia, "Mdaiwa mwenzangu!"

Kulipa kwenyewe sina kinyongo. Marejesho yetu ndiyo yanayokopeshwa wanaofuata, na hilo ni jambo la haki. Ninachokiona cha ajabu ni safari ya hiyo hela. Inakatwa kwangu Morogoro, inaenda Bodi, inahakikiwa, inagawiwa kwa awamu, inasainiwa kwa kidole, inafika kwa mpwa wangu, anaigawa kijijini, kisha ananiandikia "Mjomba" na mimi namtumia iliyobaki. Ningempa mkononi tungeokoa mihuri.

Yupo pia kijana wa kaka yangu, ambaye hakutaka chuo kikuu. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia wa stashahada, jambo ambalo watu walililia kwa muda mrefu, ila ilianza na fani zilizoteuliwa: afya, ualimu wa sayansi na ufundi, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, kilimo na mifugo. Yeye anasoma uhasibu. Nikamwambia uhasibu haumo. Akafikiri sana, akaniuliza kama akihesabu ng'ombe utakuwemo.

Mdogo wake yuko VETA anajifunza kuchomelea. Huyo ndiye mpenzi wangu, kwa sababu ada ya kutwa ni Sh60,000 kwa mwaka, naitoa bila kumwapisha mtu. Shida yake itaanza akimaliza, maana fundi bila mashine ni mtazamaji mwenye cheti. Halmashauri zinatoa mikopo kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni ya vikundi. Kwa hiyo mchomeleaji mmoja anayetaka mashine moja inabidi kwanza atafute wenzake, wachague mwenyekiti, katibu na mhazini, waandike katiba, wafungue akaunti. Nilimkuta juzi anahojiana na muuza juisi na kinyozi. Kikundi kimepata jina, Umoja ni Nguvu, na kimeshagombana kuhusu nani atakaa na mashine usiku.

Basi mimi nina pendekezo, na sitaki malipo yoyote kwa kulitoa. Wakati wa kukopa, serikali inaushuku umaskini wangu mpaka niuletee mashahidi. Wakati wa kudai, haiushuku utajiri wangu hata kidogo. Inanijua jina, mwajiri, cheo na tarehe ya mshahara. Maana yake uwezo wa kumjua mtu upo, ila umepangiwa idara moja. Wale wanaotafuta wadaiwa wahamishiwe kutafuta wahitaji, kwa msimu mmoja tu wa majaribio. Watamkuta dada yangu shambani bila barua ya mtendaji. Watamtambua marehemu kwa makato anayoshindwa kukatwa. "I" moja haitawababaisha, kwa sababu mimi hati yangu ya mshahara imekosea jina la babu tangu niajiriwe na sijawahi kuulizwa kiapo. Wakimaliza kazi hiyo warudi kwangu taratibu, wasikimbie. Asilimia 15 yangu wanajua inapokaa.